Hakuna Mwali Aliyeuzwa

Kwa Baba, Mama, Bibi, Shangazi, Mjomba, na wote mliokaa kikao.

Mimi huku ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Bibi, sentensi hiyo ni yako. Najua pasipo hiyo huihesabu karatasi kuwa ni barua.

Nimepata habari kwamba Ijumaa iliyopita, baada ya laasiri, mlikutana barazani kwa Mjomba hapo Pangani, birika la kahawa katikati, na ajenda ikawa moja tu: nirudishwe nyumbani au niachwe nimalize masomo. Nimeambiwa Shangazi alilia, Baba hakusema neno, na jirani yetu muuza samaki, ambaye si wa ukoo wala hakualikwa, ndiye aliyezungumza kuliko wote. Nimeambiwa pia kwamba uamuzi haukufikiwa kwa sababu adhana ya magharibi iliwakuta. Basi kabla hamjakutana tena, na mimi naomba nisikilizwe.

Wewe mdogo wangu unayeisoma hii kwa sauti, balaa umelianzisha wewe. Kwa hiyo soma taratibu na usiongeze chumvi. Nikikuambia ruka, ruka.

Nilichokutumia kwenye simu ilikuwa picha ya ukurasa mmoja wa daftari langu, ili uone kwamba hata Uingereza wanafunzi bado tunaandika kwa mkono. Wewe ukasimama nao barazani kama mtu anayesoma taarifa ya habari: “Kula. Mwali huzungushwa kisiwa hadi kisiwa. Hukai naye muda mrefu, lazima umpitishe kwa mwenzio. Wanaume huvuka bahari kumfuata, na kabla ya kushuka pwani hujipaka mafuta ya nazi na kusoma maneno ili wenyeji wawapende.” Hapo ndipo Shangazi alipoanza kulia, na simlaumu. Hata mimi ningelia.

Sasa nieleweni. Kula, kwenye ukurasa ule, si kula. Ni jina la desturi ya watu wa visiwa vya Trobriand na visiwa jirani, mashariki ya Papua New Guinea, na katika kula hiyo hakuna kinacholiwa. Mwali naye si mwali. Ni vikuku vyeupe vya kombe vinavyovaliwa mkononi. Kwa lugha yao ndivyo vinavyoitwa, na hawakutuuliza sisi Waswahili kabla ya kuviita hivyo. Kuna na mikufu ya kombe nyekundu, soulava. Mikufu huzunguka visiwani kufuata mshale wa saa, mwali huzunguka kinyume chake, na kila vinapokutana hubadilishana mikono: ukinipa mkufu, nakupa mwali. Mwenye kitu chenye jina kubwa hukaa nacho kwa fahari, kisha lazima akiachie kiende zake. Watu huhatarisha roho baharini kwa ajili ya vikuku ambavyo mara nyingi havimwenei hata mtoto.

Kosa langu ni la ngeli. Nilipaswa kuandika “hukai nayo”, nikaandika “hukai naye”, kwa sababu mkono wa Mswahili ukishaandika mwali haukubali kuendelea na “nayo”. Hakuna mwali aliyeuzwa. Shangazi, futa machozi.

Aliyeyaandika hayo ni Bronisław Malinowski, Mpolandi mwenye uraia wa Austria, ambaye Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta upande wa adui huko kwenye himaya ya Waingereza. Akapiga hema kijijini Trobriand kati ya mwaka 1915 na 1918, akajifunza lugha, akatoa kitabu mwaka 1922, na tangu hapo kila mwanafunzi wa somo hili la anthropolojia huambiwa: nenda, kaa nao, usiulizie mlangoni. Alipokwisha kufa ilichapishwa shajara yake ya siri, mwaka 1967, ikaonekana kwamba mzee yule mara nyingine aliwachoka wenyeji kupita kiasi, akawa anakumbuka kwao na kujifungia hemani na riwaya. Walimu wanaizungumzia shajara hiyo kwa masikitiko. Mimi niliisoma nikapata nguvu. Na mimi nina daftari la pili, lile silipigi picha.

Mama, kula ya Trobriand unaijua. Kabatini, chini ya doti zako za khanga, una daftari la michango tangu harusi ya dada: nani alitoa nini, nani alikuja mikono mitupu akala sahani mbili. Ikifika zamu yao unarudisha, na cha juu kidogo ili wasiseme. Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi si ya bure hata siku moja: kuna wajibu wa kuitoa, wa kuipokea na wa kuirudisha. Alipekua habari za Polynesia, za wenyeji wa asili wa pwani ya Amerika Kaskazini na sheria za kale za Roma ili kulifikia hilo. Angefunguliwa lile kabati angemaliza kazi mapema.

Mjomba, nimesikia umewaambia watu nasomea mafuvu. Nakuelewa, maana shuleni sote tuliimbishwa Olduvai na Zinjanthropus, fuvu aliloliokota Mary Leakey mwaka 1959. Hilo ni tawi jingine la mti huohuo. Mimi nasoma anthropolojia ya jamii, yaani ya watu walio hai, na wasumbufu zaidi. Unakaa na watu, unakula chao, unajifunza lugha yao, unaandika wanachofanya mpaka uelewe kwa nini kwao kina maana. Shangazi akauliza kikaoni, “Huo si umbea?” Shangazi, kuna watu wamelipwa mishahara maisha yao yote wakilijibu swali hilo. Ninavyoona mimi, umbea hauhitaji fomu na huisha kabla ya isha, ila huu wetu huchukua mwaka mmoja au miwili kuukusanya na mingine kuuandika, na mwisho wake husomwa na watu wachache kuliko waliokuwepo barazani kwa Mjomba Ijumaa.

Na swali ambalo Baba hakulisema kikaoni, nikirudi nitakuwa nani, nitalijibu nikirudi.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Wiki ya pili tulipewa makala ya Horace Miner, ya mwaka 1956, kuhusu kabila linaloitwa Nacirema. Masikini watu hawa! Wanaamini mwili wa binadamu ni kitu kibaya kinachooza, na kila nyumba ina chumba cha ibada cha kuuhangaikia. Ukutani mwa chumba hicho kuna kisanduku kilichojaa dawa za waganga, nyingi hata hawakumbuki ni za nini, lakini hawathubutu kuzitupa. Wana mafundi wa kinywa wanaowatoboa meno kwa vyuma, na mtu akishatobolewa hurudi tena mwaka unaofuata kwa hiari yake. Wanawake wao huoka vichwa kwenye vitanuri. Niliposoma hapo nilisimama kidogo. Kisha nikaandika insha ya kurasa sita yenye huruma, nikapendekeza wapelekewe wahudumu wa afya na kampeni ya elimu kwa akina mama.

Mwalimu aliandika pembeni kwa kalamu ya kijani: soma jina kutoka mwisho.

Nikasoma. A, m, e, r… Wamarekani! Kile kisanduku ni kabati la dawa la bafuni, fundi wa kinywa ni daktari wa meno, na kitanuri ni mashine ya saluni ya kukaushia nywele. Nikapata alama 41, na huku 40 ndiyo ya kupita. Baba, hiyo 41 usiishangae sana. Huku mtu akipata 70 anafanyiwa karamu. Mwenzangu mmoja darasani alinicheka hadi akatokwa machozi. Jioni nilipokwenda kwake kuazima kitabu nikaomba kutumia bafu, nikalifungua kabati lake. Nilikuta chupa kumi na moja. Nikamwuliza ya tatu ni ya nini. Hakujua.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya ukoo, na hapo nikasema, leo ni leo. Kazi yenyewe ni kuchora: mwanamume ni pembetatu, mwanamke ni duara, ndoa ni alama ya sawasawa. Unamhoji mwenzio, naye anakuhoji wewe. Nikapangwa na kijana anayekaa chumba cha juu kwenye nyumba tuliyopanga. Nitamwita Daftari, kwa sababu hata kwenda kutupa taka hutoka nalo.

Nikaanza mimi. Babu mzaa baba? Alikufa kabla hajazaliwa, jina anahisi ni George. Ndugu wa Babu? Hajui. Mjomba? Yuko mmoja mji wa Leeds, au alihama. Nikabaki na karatasi nyeupe kama kanzu ya Idi. Ndipo akasema, “Ngoja, kuna Biscuit.” Nikauliza Biscuit ni nani. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza habari za Biscuit kwa dakika ishirini: tarehe ya kuzaliwa, tabia, ugonjwa wa nyonga, anavyomkumbuka usiku. Biscuit ni mbwa. Mama yake Daftari humwambia Biscuit kwenye simu, “Ongea na kaka yako.” Nikabaki na kalamu hewani, sijui mbwa ni pembetatu au duara.

Nilipeleka mchoro kwa mwalimu nikidhani nitachekwa tena. Akasema kiutu uzima kwamba watafiti wengi sasa wanauliza kama undugu lazima uwe wa damu, na kwamba kama wenyewe wanamhesabu, mimi si wa kumfuta. Kwa hiyo, Bibi, mchoro uliopo kwenye faili la chuo unaonyesha mjomba mwenye alama ya kuuliza na mbwa mwenye tarehe ya kuzaliwa. Usiku ule niliwaza mengi. Asubuhi hapa unamkuta mtu mzima mwenye tai anatembea nyuma ya mbwa, mkononi kashika mfuko wa plastiki, anasubiri. Zamani nilijiuliza nani bwana na nani mtumwa. Sasa nauliza tu ni mtoto wa ngapi.

Ikaja zamu yangu. Daftari akauliza, “Una baba?” Nikasema, watano. Penseli ikasimama. Nikamweleza: baba mzazi, baba wakubwa wawili, baba wadogo wawili. Mama je? Nikahesabu, saba. Akauliza kama Baba aliruhusiwa na sheria kuwaoa wote. Karatasi ya kwanza ikajaa kabla hatujavuka mto kwenda kwa akina Bibi wa Bweni. Tukaunga ya pili, ya tatu, mwisho nikanunua ile karatasi yao ya kubandika ukutani, ya maua, tukaandika upande wa nyuma. Daftari alipofika kwa watoto wa mke mdogo wa Babu aliomba maji.

Mwalimu alipouona mchoro wangu, alifurahi mno. “Aina ya Irokwoi!” Mjomba, kaa vizuri. Kumbe mwanasheria mmoja wa New York, Lewis Henry Morgan, alikusanya majina ya ukoo kutoka kwa watu wa dunia nzima, akayachapisha mwaka 1871, na wataalamu waliofuata wakayapanga mafungu. Wale wanaosema ndugu wa baba naye ni baba, dada wa mama naye ni mama, lakini kaka wa mama ana jina lake na dada wa baba ana lake, wamewekwa fungu la Wairokwoi, ambao ni wenyeji wa asili wa kule New York na Kanada. Sisi ukituondolea “mkubwa” na “mdogo” tumo humo. Waingereza, ambao mjomba na baba mdogo kwao ni neno moja, wamewekwa fungu lililoitwa la Waeskimo. Nilimpa Daftari pole.

Hapa ruka mstari, mdogo wangu, Baba asisikie. Waliniuliza kama ni kweli kwetu binamu anaweza kumwoa binamu, wakakunja nyuso kabla sijajibu. Nikawaambia Charles Darwin mwaka 1839 alimwoa Emma Wedgwood, binti wa mjomba wake kabisa, na sura yake mkaibeba mifukoni kwenye noti ya pauni 10 hadi 2018. Kimya kikawa kirefu. Rudi kusoma kwa sauti.

Sasa niwaeleze habari ya mbuzi, maana najua Mama anaisubiri.

Mama, ile mbuzi ya kukunia nazi uliyonifungia kwenye kanga ilifika. Pale uwanja wa ndege afisa alifungua sanduku, akaona ubao, akaona ulimi wa chuma wenye meno, akaita mwenzake, mwenzake akaita mkubwa wao. Wakauliza ni silaha? Nikakaa juu yake, nikawaonyesha mikono inavyozunguka, hewani, bila nazi, mbele ya foleni. Wakaniachia haraka, nadhani kwa aibu.

Nikaanza kuitumia. Nazi nzima zinapatikana kwenye maduka ya Wahindi na Wajamaika, ghali, na moja kati ya tatu imeoza. Jumamosi moja nimekaa jikoni nakuna, Daftari akaingia na daftari.

“Hiki kinaitwaje?”

“Mbuzi.”

Akatafuta kwenye simu, macho yakamtoka. “Mbuzi, yule mnyama? Kwa nini mbuzi?”

“Sijui.”

Akaandika. Akauliza nani hukalia. Nikasema anayepika. Ni wanawake tu? Nikasema wanawake nyumbani, ila kwenye shughuli wapo wanaume wapishi wa pilau ambao wanakaa na kukuna kama kawaida. Hilo hakuliandika. Nililiona kwa macho yangu, kalamu haikutikisika.

Mwezi ule tukapelekwa Oxford kutazama jumba la makumbusho la Pitt Rivers, lililoanzishwa 1884. Bibi, kule ndani ni kama ghala la mzee asiyetupa kitu: vitu zaidi ya laki 5, kabati kwa kabati, mwanga hafifu, vibandiko vidogo vimeandikwa kwa mkono. Na hawakupanga kwa makabila au nchi. Wamepanga kwa aina: ngoma zote za dunia pamoja, taa pamoja, vyombo vya moto pamoja. Vichwa vya watu vilivyokaushwa, vilivyokuwa kivutio kikubwa, waliviondoa mwaka 2020, na mimi nawaunga mkono. Mtu hasafiri toka Ekuado aje kutazamwa na watoto wanaokula chipsi. Nilizunguka saa mbili nikawaza: kila kitu humu kilikuwa kikifanya kazi mahali fulani, halafu siku moja kikawekwa juu, na mtu akakiandikia kibandiko.

Niliporudi nyumbani, mbuzi haikuwepo jikoni. Nikatafuta chini ya sinki na nje kwenye pipa. Nikaingia sebuleni. Ilikuwa ukutani, imetundikwa kwa misumari miwili juu ya televisheni, na chini yake kibandiko cha mwandiko wa mkono: “Mbuzi. Pwani ya Afrika Mashariki. Mbao na chuma.” Daftari alidhani ananifurahisha. Nami niliishiwa maneno, na mnanijua mimi si mtu wa kuishiwa maneno. Wali wa siku ile niliupika kwa tui la kopo.

Hayo yangekwisha kama si insha. Daftari aliandika insha kuhusu mbuzi ile, akapata 72, mwalimu akaomba aisome mbele yetu. Nikasikiliza. Mbuzi ni mnyama wa dhabihu. Mwanamke kumkalia ni kuitawala dhabihu ambayo wanaume pekee huruhusiwa kuichinja. Tui jeupe ni maziwa, na maziwa ni uzazi. Meno ya chuma nimesahau yalikuwa nini, ila yalikuwa jambo kubwa. Na ushahidi wa mwisho: mwanamke wa pwani aitwaye M. alipoulizwa sababu ya jina hilo, alikataa kuitoa siri, akajibu kwa fumbo la neno moja tu: “Sijui.”

Watu wakapiga makofi.

Nikanyoosha mkono. Nikasema M. ni mimi. Nikasema kwa Kiswahili, neno “sijui” maana yake ni kwamba mtu hajui. Nikaongeza kwamba M. alisema pia habari za wanaume wapishi wa pilau, na wao wamepotelea wapi? Mwalimu alimtazama Daftari, Daftari akatazama viatu vyake. Kwa haki ya Mungu kijana yule hana ubaya: alikuja jikoni usiku, akaomba radhi, akauliza kama mbuzi inatundikwaje tena jikoni. Nikamwambia mbuzi haitundikwi, inakaliwa.

Lakini nisiwachekeshe tu. Kuhojiwa ni shughuli. Unasema mambo kumi, linaandikwa moja, na hilo moja ndilo unalokutana nalo darasani likiwa limevaa koti. Okot p’Bitek wa Gulu, aliyeandika Song of Lawino, aliyefika Uingereza mara ya kwanza na timu ya mpira ya Uganda, alikwenda Oxford kusoma somo hilihili. Baadaye aliandika kwamba katika hotuba ya kwanza kabisa mwalimu alikuwa akiwataja Waafrika kwa majina ya ushenzi, naye akalalamika, na haikusaidia kitu. Jomo Kenyatta alikaa darasani London kwa Malinowski, Malinowski yuleyule wa mwali, na mwaka 1938 akatoa Facing Mount Kenya, kitabu cha Mgikuyu juu ya Wagikuyu, mwalimu wake akakiandikia utangulizi. Nikichoka nawakumbuka hao. Kisha nakumbuka kwamba mmoja wao alikuja kuwa rais, na Baba, usianze kupata mawazo.

Tulifundishwa pia Wazande, wa kule Sudan Kusini na Kongo, alioandika habari zao Evans-Pritchard mwaka 1937. Ghala la nafaka linaanguka, linawaangukia watu waliojipumzisha kivulini chake. Mzande anajua vizuri kabisa mchwa wamekula nguzo. Anachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile, juu ya watu walewale, na hapo ndipo anapotajwa mchawi. Darasa zima likashangaa, kisha shingo zote zikanigeukia mimi, kana kwamba ghala lilikuwa la Mjomba. Nikanyamaza. Wiki mbili baadaye niko stesheni, baridi, majani yanadondoka, tukatangaziwa treni imechelewa kwa sababu ya majani kwenye reli. Si utani, majani yakisagwa na magurudumu yanakuwa utelezi. Mzee mmoja mwenye koti zuri, anayewahi hospitali kumwona mjukuu aliyezaliwa, akasema kwa uchungu: “Majani najua. Kila mwaka. Lakini kwa nini leo, kwa nini treni yangu?” Nikamsogelea nikamshika bega. Nilikuwa nimefika uwandani kwa utafiti.

Sasa shida yangu kwenu, na ndiyo sababu hasa ya barua. Mwaka wa tatu kila mmoja anaandika tasnifu yake, nami nimeamua kuandika juu ya utani.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa maktaba nikisoma A. R. Radcliffe-Brown, mzee wa Kiingereza aliyeandika mwaka 1940 kuhusu watu ambao wanaruhusiwa kukejeliana, na mara nyingine wanalazimika, na anayekejeliwa haruhusiwi kukasirika. Nikawaza, huyu anatuzungumzia sisi. Nikafuatilia waliomfuata, nikakuta neno katikati ya Kiingereza, limekaa peke yake kama mtu wa kwetu kwenye kituo cha basi cha ugenini: utani. Nikacheka kwa sauti, nikanyamazishwa.

Na aliyeliandika, amini msiamini, ni mtu wa Tanga. R. E. Moreau, Mwingereza, alikuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, hapo Muheza juu milimani, tangu 1928. Na mapenzi yake yalikuwa ndege! Alikuwa bingwa wa ndege, vitabu vyake vya ndege vinasomwa hadi leo. Lakini katikati ya kuhesabu mayai akaandika makala mbili juu ya utani wa Tanganyika, ya mwisho mwaka 1944. Kama mtu wa ndege aliweza, mimi niliyeitwa “mke mwenzangu” na Bibi tangu natambaa nitashindwaje?

Nataka kukaa misibani na kuandika wanachofanya watani: wanaovaa nguo za marehemu na kumwigiza anavyotembea, wanaoshika jeneza lisiende mpaka walipwe, wanaoshuka kaburini na kulala. Nilijaza fomu ya tathmini ya hatari. Pale panaposema “taja hatari”, nikaandika: mtani anaweza kuingia kaburini na kukataa kutoka. Kamati ya chuo ikajibu kwa barua pepe, kwa heshima zote: mtafiti atahakikishaje mtu huyo anatoka salama? Nikajibu: kwa shilingi elfu mbili. Wakaomba nieleze kama hiyo ni rushwa. Tumeandikiana barua sita mpaka sasa, na wamekubali, kwa sharti kwamba risiti itolewe.

Kwa hiyo fomu za ridhaa zinakuja kwa mkono wa mtu anayesafiri wiki ijayo. Kila atakayetaka kuhojiwa aweke sahihi, na asiyejua kuandika aweke dole gumba, inaruhusiwa. Jina halisi halitatumika. Mjomba, nimepata ujumbe kwamba jina la bandia umeshajichagulia, lakini hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ana walinzi, chagua jingine. Muuza samaki naye apewe fomu, nimesikia ana mengi. Bibi, ukiulizwa jambo usilolijua sema “sijui”, nitaliandika hivyohivyo.

Kikao kikikaa tena, naomba kiniruhusu nimalize. Mama, mbuzi ya pili usinitumie, niliyonayo imeshuka ukutani. Jana imekuna nazi mbili. Aliyekuna ni Daftari, na vidole vyote kumi bado anavyo.

Mwanenu wa ughaibuni.